Safu ya ushauri: Nililazimisha kifurushi, sasa apt imegoma

Salamu kwako mshauri,

Naomba msaada wako. Leo ni siku ya tatu nahangaika na kompyuta, na kila ninachogusa kinazidi kuharibika. Natumia Ubuntu 24.04. Kazi yangu inanilazimu kukaa na htop mbele ya macho muda mwingi, ile programu ya terminali inayoonyesha jinsi prosesa na RAM zinavyotumika. Shida yangu ni macho: tangu utotoni sitofautishi nyekundu na kijani. Katika mistari ya prosesa ya htop, kijani ni kazi za kawaida na nyekundu ni kazi za keneli, yaani kiini cha mfumo. Kwangu mimi zote ni rangi moja iliyofifia. Nimejaribu mipango yote ya rangi iliyomo ndani yake kwa kubonyeza F2, sikupata unaonifaa. Nikasikia kwamba rangi hizo zimeandikwa kwenye faili moja ya msimbo chanzo (maandishi ambayo programu hujengwa kutokana nayo), CRT.c, na kwamba mtu anaweza kuzibadilisha kisha akaijenga programu upya. Nikasema ngoja nijaribu.

Nilianza na apt, programu ya Ubuntu ya kusakinisha vifurushi, nikaandika apt source htop. Ikanijibu:

E: You must put some 'deb-src' URIs in your sources.list

Mwongozo mmoja wa zamani ulisema nifungue faili ya /etc/apt/sources.list na kutoa alama ya # mbele ya mistari ya deb-src, yaani ya msimbo chanzo. Nilipofungua sikukuta mistari hiyo, ila maelezo tu kwamba vyanzo vimehamia kwingine. Nikabandika mstari niliouona kwenye mwongozo, wenye neno jammy. Safari hii kitu kilishuka, lakini ni htop 3.0.5, wakati niliyonayo ni 3.3.0! Nikaachana nayo.

Nikaenda kwa watengenezaji wenyewe, nikapakua faili ya tar ya msimbo chanzo. Hatua ya ./configure, inayokagua mazingira kabla ya kujenga, ikakataa, ikisema haioni maktaba ya libncursesw. Nikaandika sudo apt install libncursesw6, nikaambiwa ninayo tayari, tena toleo jipya kabisa. Sasa ninayo au sina? Mwishowe nikapakua kwa mkono libncurses-dev ya toleo la Ubuntu jipya kuliko langu. dpkg, inayosakinisha kwa niaba ya apt, ikakataa kuipokea, nikailazimisha kwa --force-depends. Hapo configure ikapita, make ikapita, nikamalizia na sudo make install. Rangi zikabadilika, nikafurahi sana.

Furaha haikufika asubuhi. Sasa kila ninachotaka kusakinisha, apt inasema "Unmet dependencies. Try 'apt --fix-broken install'", na naogopa kukubali kwa sababu sijui itafuta nini. Nimeondoa htop kwa dpkg -r, lakini nikiandika jina lake bado inafunguka. Mwenzangu kazini ananishauri niweke mfumo upya na niachane na msimbo chanzo, eti si mambo ya watu kama mimi. Je, ni kweli hakuna njia nyingine?

Ni mimi,
Niliyekwama njiani

---

Ndugu yangu uliyekwama,

Usiweke mfumo upya. Ulichovuruga ni kidogo na kinarekebishika leo hii. Na hilo la "watu kama wewe" naomba ulitupe kabisa. Umefika mpaka ndani ya CRT.c, umebadilisha rangi, umejenga programu na imefanya kazi. Sehemu ambayo watu wengi huiona ngumu wewe umeivuka. Umekwama kwenye daftari, na daftari hilo hakuna aliyekueleza kwamba lipo.

Kisimamizi cha vifurushi ni mwandishi wa hesabu. dpkg ina faili iitwayo /var/lib/dpkg/status, na humo imeandikwa kila kifurushi ulichonacho, toleo lake, na vitu kinavyovihitaji ili kifanye kazi. Pembeni, kwenye /var/lib/dpkg/info, kuna orodha ya kila faili iliyowekwa na kila kifurushi. apt haikagui diski yako kujua una nini. Inasoma daftari. Daftari likisema kitu kipo, kipo. Lisiposema, kwa apt kitu hicho hakijawahi kuwepo.

Sasa tazama ulichofanya. Ulipoandika --force-depends, dpkg ilikuonya, ikatii, ikaandika kwenye daftari kwamba una libncurses-dev inayodai libtinfo6 ya toleo lilelile hasa, ilhali libtinfo6 uliyonayo ni ya zamani zaidi. Tangu hapo hesabu hailingani. apt imekataa kuongeza chochote juu ya hesabu isiyolingana, na imefanya vizuri kukataa. Ulipoandika sudo make install ukafanya kinyume chake: uliweka faili kwenye /usr/local bila kuandika lolote. Ndiyo maana umeiondoa htop na bado inafunguka. Uliyoiondoa ni ile ya daftarini, iliyokuwa /usr/bin. Inayofunguka ni ya kwako, iko /usr/local/bin, na kisimamizi hakijui habari zake.

Tuanze na usafi. Kabla ya kukubali chochote, itake apt ikuonyeshe ingefanya nini, bila kukifanya:

apt-get -s --fix-broken install

Hiyo -s ni ya kuigiza tu. Haigusi faili hata moja na huhitaji sudo. Soma mistari inayoanza na Remv, maana hivyo ndivyo vitakavyoondolewa. Ukiona libncurses-dev peke yake, hofu imekwisha: ondoa -s, weka sudo mbele, ukubali. Au fanya kwa mkono, njia ninayoipenda zaidi kwa sababu inagusa kitu kimoja tu unachokijua:

sudo dpkg -r libncurses-dev

Kama dpkg itakataa kwa kuwa kifurushi kingine kinaitegemea, libreadline-dev kwa mfano, usiongeze --force ya pili juu ya ile ya kwanza. Rudi kwenye maigizo ya apt-get uone inapendekeza nini kwa vyote viwili. Kisha andika sudo apt-get check. Ikimaliza bila kulalamika, daftari limelingana.

Nakusihi kuhusu --force kwa sababu imewahi kuniumiza. Miaka ya nyuma nililazimisha libc6 ya toleo jipya kwenye mfumo wa zamani, nikitaka programu moja tu ifunguke. libc6 ndiyo maktaba ambayo karibu kila programu inaiegemea. Baada ya dakika chache hata ls ilikuwa haifanyi kazi, na nililazimika kuwasha mashine kwa fimbo ya USB ili niokoe faili zangu. Wewe umelazimisha kifurushi cha kujengea, ambacho programu zako za kila siku hazikigusi zinapoendeshwa. Umepona kwa sababu ya kifurushi ulichokichagua, kwa hiyo usilichukulie tukio hili kama ushahidi kwamba kulazimisha kunafaa.

Baada ya hapo, toa ule mstari wa jammy kwenye /etc/apt/sources.list. Jammy ni jina la Ubuntu 22.04. Yako ya 24.04 inaitwa noble. Hilo linajibu fumbo la 3.0.5: apt ilikuletea ulichokiomba, msimbo chanzo wa mfumo wa miaka miwili nyuma ya wako. Jina la mfumo wako unaweza kulisoma wakati wowote ndani ya /etc/os-release, kwenye mstari wa VERSION_CODENAME, na kila mstari wa vyanzo unaoubandika lazima uwe na jina hilo.

Mwongozo wako haukudanganya, umezeeka tu. Katika 24.04 vyanzo vimehamishiwa kwenye /etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources, na muundo wake ni tofauti: si mstari mmoja mrefu tena, ni aya yenye vipengele. Tafuta panapoandikwa

Types: deb

pafanye pawe

Types: deb deb-src

Utapakuta mara mbili, kwenye aya ya hazina kuu na kwenye aya ya marekebisho ya usalama. Badilisha zote mbili, kwa sababu ukiiacha ya usalama unaweza kujenga msimbo wenye tundu ambalo tayari limezibwa. Maliza na sudo apt update, kisha sudo apt install dpkg-dev devscripts, ambavyo tutavihitaji.

Sasa, ukiwa ndani ya folda yako mwenyewe na bila sudo:

apt source htop

Bila sudo, nasisitiza. Ukiweka sudo, folda itakuwa mali ya ruti, mtumiaji mkuu wa mfumo, utashindwa kuihariri, utaongeza sudo nyingine ili uihariri, na mwishowe utakuwa unajenga programu nzima kwa mamlaka ya ruti, ambako kosa dogo katika maelekezo ya ujenzi linaweza kufuta faili za mfumo. Katika ujenzi wenyewe ruti inahitajika mahali pawili tu: kusakinisha vitegemezi na kusakinisha kifurushi kilichokamilika.

Vitashuka vitu vitatu. Faili ya orig.tar ni msimbo kama ulivyotoka kwa watengenezaji. Ya debian.tar ni maelekezo ya ujenzi na viraka, yaani marekebisho ya msimbo, vilivyoongezwa na watunza vifurushi. Ya .dsc ni hati inayoorodhesha hizo mbili pamoja na alama zao za uhakiki. Huenda ukaona onyo kwamba saini ya .dsc haikuweza kuthibitishwa. Linatisha wengi, lakini maana yake ni kwamba huna ufunguo wa mtu aliyetia saini hati ile. apt yenyewe imeshakagua kwa njia nyingine: faili ya Release ya hazina ina saini, ndani yake mna alama za orodha ya vyanzo, na ndani ya orodha mna alama za faili ulizopakua.

Hapa niseme neno kuhusu ile tar uliyoichukua moja kwa moja. Wengi huamini kwamba msimbo chanzo ni salama kwa kuwa tu unasomeka. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akipima utendaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kwamba amekuta mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya XZ Utils, zana za kubana faili. Alianza kushuku kwa sababu kuingia kwenye mashine kwa mbali kupitia SSH kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde. Kipande cha kuuwasha mlango huo kilikuwa ndani ya faili za tar za kupakua, na hakikuwemo kwenye hazina ya Git ambayo watu wangeisoma. Sisemi htop ina tatizo lolote la namna hiyo. Nasema kwamba ukiwa na njia inayopita kwa watunza vifurushi wa mfumo wako, itumie, maana kuna jozi nyingine ya macho njiani.

Tuje kwenye swali lako zuri kuliko yote: "Ninayo au sina?" Unayo ya kuendeshea, huna ya kujengea. libncursesw6 ni maktaba yenyewe, ile inayoitwa na programu zilizokwisha kujengwa. Kompaila, ile inayogeuza msimbo kuwa programu, inahitaji zaidi ya hapo: faili za heda, zenye mwisho wa .h, zinazoieleza maktaba ina kazi gani na zinaitwaje, pamoja na kiungo cha .so kisicho na namba. Hivyo viko kwenye kifurushi cha pili chenye jina linaloishia na -dev. Kwa familia ya Debian na Ubuntu ni -dev. Kwa Fedora na ndugu zake ni -devel. Ukishalijua hilo, nusu ya makosa ya configure utayasoma kama barua ya mtu anayekuomba kitu kwa jina. Na hukuhitaji kwenda kukitafuta kwenye mfumo wa mtu mwingine. Kilikuwa kwenye hazina yako, kwa toleo linalolingana na maktaba zako, na ungeweza kukipata pamoja na wenzake wote kwa amri moja:

sudo apt build-dep htop

Amri hiyo inasoma orodha ya vitegemezi vya ujenzi iliyoandikwa ndani ya kifurushi chanzo na kuvisakinisha vyote. Ikishindwa, mara nyingi ni kwa sababu moja kati ya mbili. Ama msimbo uliochukua ni wa mfumo mwingine, na unadai vitu ambavyo mfumo wako hauna, kama ambavyo ungekutana navyo kwa kubandika jina la toleo jipya badala ya jammy. Ama kuna kifurushi ulichokipata nje ya hazina, ambacho toleo lake ni kubwa kuliko lile ambalo apt inaweza kulioanisha na mengine. Hii ya pili ndiyo hali uliyojitengenezea kwa libncurses-dev. Andika apt policy libncurses-dev na utaona toleo ulilonalo, toleo linalotolewa, na linatoka wapi. Toleo ulilonalo likiwa halina hazina yoyote chini yake isipokuwa /var/lib/dpkg/status, hilo ni geni.

libncurses-dev sahihi ikishakuwepo, rudi kwenye ile folda ya tar uliyojengea awali na uandike sudo make uninstall. Itaondoa ilichokiweka. Kama umeshaifuta folda, ifungue tena tar ileile, endesha ./configure kwa vigezo vilevile, kisha sudo make uninstall. Baada yake andika hash -r, kwa sababu terminali hukariri mahali ilipoikuta programu, halafu type -a htop. Kusiwe na kitu chochote chini ya /usr/local.

Sasa jenga. Na hapa nina shuruti moja ambalo sitaliachia: jenga kwanza bila kubadilisha hata herufi. Ukibadilisha rangi kwanza na ujenzi ukaanguka, hutajua kama umekosea wewe au mazingira yako hayajakamilika. Msimbo usioguswa ukijengeka, kila kosa litakalokuja baadaye ni la mabadiliko yako, na utajua pa kutazama. Ukianguka ukiwa haujaguswa, CRT.c yako haihusiki na huna haja ya kuichunguza usiku kucha.

cd htop-3.3.0
LC_ALL=C dpkg-buildpackage -us -uc -b 2>&1 | tee ../jenga.log

LC_ALL=C inahakikisha makosa yanatoka katika maneno yaleyale ambayo wengine wote wanayaona, jambo la maana siku utakapohitaji kuyatafuta au kumwonyesha mtu. -us na -uc zinaruka kutia saini, -b inajenga kifurushi cha kusakinisha tu, na tee inakuhifadhia kila kitu kwenye jenga.log.

Ikianguka, usisome mwisho wa log. Mstari wa mwisho utasema debian/rules imerudisha namba fulani ya kosa, na haukwambii chochote. Ni sawa na mjumbe anayeripoti kwamba kuna msiba bila kutaja nani kafa. Make huendesha kazi kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo kosa la kweli linaweza kuwa mistari mia mbili juu, na kazi nyingine zimeendelea kuandika juu yake. Tafuta la kwanza:

grep -n -m1 -i 'error' ../jenga.log

Nenda kwenye mstari huo, soma na kumi iliyo juu yake. Wakati mwingine grep itakuletea jina la faili tu lenye neno error ndani yake. Ruka, toa -m1 kwenye amri, nenda kwa linalofuata. Ukikuta faili ya .h haionekani, sakinisha apt-file, endesha sudo apt-file update, kisha apt-file search ikifuatiwa na jina la faili hiyo, na utaambiwa ni kifurushi gani cha -dev kinachoibeba. Ukikuta "undefined reference", heda zimepatikana lakini hatua ya kuunganisha haikuiona maktaba, au imekutana na toleo jingine. Shuku masalia ndani ya /usr/local/lib kabla ya kushuku kitu kingine. Ukikuta neno Killed karibu na jina la kompaila, msimbo wako hauna hatia, RAM imekwisha na keneli imeua kazi. Punguza kazi za pamoja kwa kuongeza -j1 kwenye dpkg-buildpackage. Kwa htop, iliyo ndogo, hilo huenda lisikupate kamwe. Kwa programu kubwa za C++ litakupata. Na configure ikigoma bila maelezo ya kutosha, fungua config.log ndani ya folda ya ujenzi, maana humo mna amri kamili iliyojaribiwa na jibu halisi la kompaila.

Zipo pia nyakati ambapo ujenzi wote unapita na majaribio ya programu yenyewe ndiyo yanaanguka. Kuna DEB_BUILD_OPTIONS=nocheck ya kuyaruka. Itumie ukiwa umesoma ni jaribio gani limeanguka na kwa nini, kwa sababu majaribio hayo ndiyo ushahidi pekee ulionao kwamba ulichojenga kinafanya kazi.

Imejengeka bila kuguswa? Vizuri. Fungua CRT.c, weka rangi zako. Mimi ningekushauri bluu na njano kwa macho yako, lakini wewe ndiye unayeona. Kabla ya kujenga tena, kipe kifurushi chako jina lake:

dch --local rangi "Rangi mpya za mistari ya prosesa"

Toleo litakuwa na neno rangi1 mwishoni. Hilo si pambo. Linafanya toleo lako lionekane jipya kidogo kuliko la hazina, na miezi sita ijayo utakapoiona kwenye orodha utajua mara moja kwamba hii umeijenga mwenyewe. Jenga tena kwa amri ileile, kisha:

sudo apt install ../htop_*rangi1_amd64.deb

Kama prosesa yako si ya amd64, mwisho wa jina utakuwa tofauti. Tazama kwa ls. Tumia apt install yenye njia ya faili, usitumie dpkg -i, kwa sababu apt itatafuta vitegemezi kama vinakosekana. Inaweza kukuandikia mwishoni notisi kuhusu mtumiaji _apt kushindwa kuifikia faili. Tazama herufi ya mwanzo: E ni kosa, W ni onyo, N ni notisi tu. Hiyo ni N, na kifurushi kimeshaingia.

Sasa htop yako imo daftarini. Siku hazina itakapotoa toleo kubwa zaidi, apt itaibadilisha na rangi zako zitapotea. Unaweza kuizuia kwa sudo apt-mark hold htop, lakini sikushauri, maana ukishikilia toleo umeshikilia na matundu yake yote. Afadhali uhifadhi badiliko lako. Ukiwa ndani ya folda, safisha masalia ya ujenzi kwa debian/rules clean, kisha andika dpkg-source --commit, itakuuliza jina, na badiliko litahifadhiwa kama kiraka ndani ya debian/patches. Nakili kiraka hicho mahali salama. Toleo jipya likija, apt source, weka kiraka, jenga. Mara ya pili itakuchukua dakika chache.

Kwa wasomaji wengine wenye mifumo tofauti, njia ni hiyohiyo kwa majina mengine. Fedora: dnf builddep kwa vitegemezi, rpmbuild --rebuild kwa faili ya src.rpm. Arch: makepkg -si ndani ya folda yenye PKGBUILD, na makepkg yenyewe inakataa kuendeshwa na ruti, jambo ambalo natamani visimamizi vyote vingeliiga. Gentoo mmezoea, kwa desturi vitu vyenu hujengwa kutoka kwenye msimbo chanzo.

Jambo la mwisho, ndugu yangu. Mpango wako wa rangi hauhitaji kubaki kwenye mashine yako peke yake. Wenye macho kama yako ni wengi, na CRT.c tayari ina mipango kadhaa iliyopangwa moja chini ya nyingine. Badala ya kuibadilisha ile ya asili, ongeza wa kwako chini yake, ujaribu kwa F2, kisha uwapelekee watengenezaji wa htop kile kiraka pamoja na maelezo uliyoniandikia mimi kuhusu nyekundu na kijani. Ukikwama tena, nitumie jenga.log nzima, tangu mstari wa kwanza, nami nitaisoma.

Wako,
Mshauri